Debe la Saba

Gunia la mahindi ni debe sita. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma saa, kwa sababu bibi alikuwa akinikalisha kwenye kigoda uani kwetu Kihesa na kunipa kazi ya kuhesabu kwa sauti wajomba wakimimina. Ukifika sita unanyamaza, gunia linashonwa.

Julai 2022 nilikuwa nyumbani kwa wiki mbili, nimebeba kompyuta na rasimu ya tasnifu ya uzamili kuhusu masoko ya nafaka. Asubuhi moja lori dogo lilisimama nje, na kijana wa mnunuzi akaanza kujaza. Debe la sita likaingia, gunia likajaa hadi mdomoni. Akalisindilia kwa goti, akamimina la saba, kisha akashonea kipande cha kiroba juu ili mahindi yasimwagike. Lumbesa. Kila mtu Nyanda za Juu Kusini anaijua. Wakala wa Vipimo wameikataza mara nyingi, na gunia kisheria halitakiwi kuzidi kilo mia.

Bibi hakusema neno. Alinyanyua vidole saba, akaniangalia mimi na si yule kijana, kama mtu anayemwonyesha mwanafunzi swali lake la mtihani.

Mama hakuwa na nafasi ya kugoma. Desemba iliyotangulia bei ya mbolea ilikuwa imepanda vibaya, mfuko mmoja ukapita shilingi laki moja, na ruzuku ya serikali ilikuwa bado haijaja. Shamba letu la ekari tatu liko upande wa Ismani, kwenye udongo uliolimwa mahindi juu ya mahindi kwa zaidi ya nusu karne. Bila mbolea unavuna mabua. Basi mfanyabiashara mmoja akampa mama mifuko minne, kwa makubaliano ya gunia kumi wakati wa mavuno. Karatasi waliyoandikiana ilisema "gunia". Haikusema debe ngapi.

*

Kiswahili kina neno la jambo hili, ingawa limepotea njia kidogo. Ukimsikia mtu leo anasema "ukiritimba", mara nyingi analalamika kuhusu ofisi: njoo kesho, faili halionekani, mwenye muhuri amesafiri. Lakini maana yake ya msingi ni ya kibiashara: mmoja kuhodhi soko peke yake. Nadhani maana hizo mbili ziligandana kwa sababu kwa kizazi kizima cha Watanzania mwenye soko na mwenye muhuri walikuwa mtu yuleyule.

Darasani tunapofundishwa ukiritimba tunaonyeshwa muuzaji mmoja na wanunuzi wengi. Kwa mkulima picha hiyo huwa kichwa chini miguu juu: wauzaji ni maelfu, mnunuzi ni mmoja. Joan Robinson, mwanauchumi wa Cambridge, alilipa jambo hilo jina la monopsoni katika kitabu chake cha 1933. Hoja yake ni nyepesi kueleweka kwa yeyote aliyewahi kusimama na gunia kando ya barabara. Mnunuzi asiye na mpinzani halazimiki kulipa thamani ya mzigo wako. Analipa kiasi kile tu kitakachokufanya usirudi nao nyumbani.

Mfano unaotolewa kwetu kila mara ni Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Katika mihadhara yote niliyohudhuria, NMC huletwa kama maiti mezani, tuione ilivyokufa. Nami niliandika hivyo katika sura ya kwanza ya tasnifu. Likizo ile nikamsomea bibi kwa ufupi, nikitafsiri nilichoandika kwa Kiingereza.

"Enemsii?" akauliza. "Angalia juu, mume wangu." Bibi huniita hivyo tangu utotoni, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. Nikaangalia juu. "Hizo bati ni za Enemsii."

Ni kweli bati zetu zina matundu ya misumari ya zamani yaliyozibwa kwa lami. Siku zote nilidhani zilinunuliwa mtumba. Kumbe babu alizinunua Ismani kwa fedha za mahindi, mwaka mmoja kabla ya vita vya Iddi Amini, na alipojenga Kihesa akazing'oa na kuja nazo.

*

NMC haikuzuka hewani. Serikali ya kikoloni nayo ilishajaribu kushika nafaka: baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1949, ilianzisha Idara ya Kuhifadhi Nafaka, ikanunua, ikahifadhi, ikapata hasara, ikaifunga miaka michache kabla ya uhuru. Uhuru ulipokuja, lalamiko kubwa vijijini lilikuwa juu ya mfanyabiashara wa kati, mwenye duka, mzani na lori. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa ushirika. Mwaka 1963 iliundwa Bodi ya Taifa ya Mazao ya Kilimo, na mahindi yakaanza kupita ngazi kwa ngazi: chama cha msingi, chama kikuu, bodi, kinu. Kila ngazi ilikata chake. Malalamiko yakawa mengi kiasi kwamba mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu ya uchunguzi, maarufu kama Kamati ya Mhaville, na taarifa yake juu ya uzembe, wizi na upendeleo ndani ya vyama haikuwa ya kufurahisha.

Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, vinu vikubwa vya kusaga nafaka vilitaifishwa. Mwaka uliofuata vikaunganishwa kuwa NMC. Kuna kituko hapa ambacho vitabu vyetu vya uchumi huruka: aliyepewa shirika hilo kuliongoza alikuwa Jayantilal Keshavji Chande, ambaye familia yake ilikuwa imenyang'anywa vinu vyake vya Chande Industries. Akakubali.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa damu. Ismani ya miaka ya 1960 ilikuwa nchi ya mahindi, ya matrekta na wakulima wakubwa waliokodi ardhi na kuajiri vibarua, na ilikuwa mfano wa kila kitu ambacho ujamaa ulikuja kukipinga. Siku ya Krismasi 1971, mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, alikwenda Mkungugu kwenye shamba la Said Mwamwindi. Wakagombana, Mwamwindi akampiga risasi. Kisha akaupakia mwili katika gari la marehemu mwenyewe, akaendesha hadi kituo cha polisi Iringa mjini kujisalimisha. Alihukumiwa na kunyongwa. Barabara ya kutoka Ismani kuingia mjini ni hii inayopita Kihesa. Lazima gari lile lilipita hapa. Wazee wa mtaani hulitaja tukio hilo kwa sauti ya chini hata leo, na kila mmoja ana upande wake.

Miaka miwili baadaye bodi ya mazao ilivunjwa na kazi ya kununua nafaka ikapewa NMC. Hapo ukame ulikuwa umeshaanza. Mwaka 1974 nchi iliagiza nafaka nyingi kutoka nje kwa fedha za kigeni ambazo haikuwa nazo, na redio ikawa inaimba "kilimo cha kufa na kupona". Vijiji vikahamishwa. Mei 1976 vyama vya ushirika vikafutwa. Kuanzia hapo, mkulima wa Ismani aliyetaka kuuza gunia kihalali alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha.

*

Kitabu cha kiada kinajua kinachofuata: bei itashuka, mkulima atanyonywa. Kwa nchi kwa ujumla sitabisha. Lakini kuanzia msimu wa 1974/75 serikali ilifanya jambo ambalo mnunuzi pekee anayetafuta faida asingelifanya hata kwa kuota. Ilitangaza bei moja ya mahindi nchi nzima.

Fikiria ramani. Kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam ni chini ya kilomita mia mbili. Iringa ni kama mia tano, Mbeya zaidi ya mia nane, Sumbawanga zaidi ya elfu moja. Mfanyabiashara wa kawaida hutoa nauli kwanza, kinachobaki ndiyo bei yako. Kadiri unavyokaa mbali ndivyo unavyolipwa kidogo, hadi unafika mahali ambapo hakuna anayekuja kabisa. NMC ikamlipa wa Sumbawanga sawasawa na wa Morogoro, na nauli ikabaki juu yake. Mbolea ya kiwanda cha Tanga nayo ikauzwa kwa bei moja, yenye ruzuku, popote ilipofika. Lami ya kwenda Zambia ilikuwa mpya, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa 1976.

Matokeo yake yako kwenye ramani ya chakula hadi leo. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma, mikoa ambayo kwa hesabu ya nauli haikuwa na sababu ya kulisha Dar es Salaam, ikawa ndiyo inayoilisha. Watu wakaanza kuiita "the Big Four", na jina limeganda ingawa mikoa yenyewe imegawanywa upya, Njombe, Katavi na Songwe zikizaliwa humo. Bati za babu zimo katika historia hiyo. Ukiritimba uliokuwa mzigo kwa nchi ulikuwa neema kwa mlima wetu, na katika rasimu yangu hapakuwa na sentensi hata moja inayosema hivyo.

Nani alilipa? Wakulima wa karibu na masoko, kwanza. Wa Arusha na Kilimanjaro walikuwa na Kenya jirani, na mahindi yao yakajua njia za usiku. Kisha ikalipa Benki ya Taifa ya Biashara, nayo pekee kwenye uwanja wake, iliyokuwa ikiikopesha NMC hata ilipojua hailipiki. Shirika lilitakiwa kununua kila kilicholetwa, hadi mtama na mihogo ambayo mjini haikuwa na mlaji, na kuuza sembe kwa bei ya siasa. Deni likafika mabilioni ya shilingi za wakati ule. Mwishowe alilipa kila mwenye noti mfukoni, kwa mfumuko wa bei.

Ili mlango ubaki mmoja ilibidi mingine ipigwe misumari. Kwa muda mrefu kusafirisha zaidi ya kilo 30 za nafaka bila kibali lilikuwa kosa, na vizuizi vya barabarani vilikuwepo kwa kazi hiyo. Mtu aliyempelekea ndugu yake wa mjini gunia moja alikuwa mlanguzi. Mazao mahali pengi yalichukuliwa kwa mkopo, mkulima akabaki na karatasi akisubiri fedha msimu hadi msimu. Haishangazi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 mahindi mengi zaidi yalipita njia za panya kuliko maghala ya shirika. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Maduka yakakaguliwa, watu wakatupa sabuni na vitenge mitoni. Bidhaa hazikuongezeka.

Mwaka 1984 kikomo kikapandishwa hadi kilo 500 na ruzuku ya sembe ikaondolewa. Ushirika ulikuwa umeshafufuliwa kwa sheria ya 1982. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, ukaja mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa, na 1987 vizuizi vya nafaka vikaondolewa kabisa. Kufikia karibu 1990 mfanyabiashara binafsi aliruhusiwa kwenda moja kwa moja kwa mkulima. NMC ikabaki na majengo. Mengine yako mikononi mwa Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko, iliyoundwa kwa sheria ya 2009.

Mjini mambo yalikuwa mazuri upesi. Mashine ndogo za kusaga zikaota kila mtaa, Kihesa ikiwemo, na mtu akaweza kununua sado moja ya mahindi na kuyasaga mwenyewe badala ya kupanga foleni ya sembe. Aliyelima kando ya lami naye alipata wanunuzi. Aliyelima mbali, Rukwa au Ruvuma, aligundua nauli kwa mara ya kwanza maishani.

*

Kilichonichukua muda mrefu kukielewa ni habari ya mkopo.

Mnunuzi akiwa mmoja, kukopesha ni rahisi. Mkulima anapewa mbegu na mbolea Novemba, na mavuno yakija deni linakatwa mlangoni kabla hajapewa chake. Hana pa kukimbilia. Wanunuzi wakiwa kumi, mkopaji mjanja anachukua mbolea kwa huyu na kuuza mahindi kwa yule. Muda si mrefu hakuna anayekopesha. Ndivyo ilivyokuwa: soko lilipofunguliwa mikopo ya pembejeo ilinyauka, na ruzuku ya mbolea nayo ikaondolewa hatua kwa hatua hadi ikaisha katikati ya miaka ya 1990. Mkulima akapata uhuru wa kuuza kwa yeyote Julai, na hana mbolea Desemba.

Pengo hilo ndilo analoliziba mtu kama yule aliyesimamisha lori kwetu. Anakuja Desemba, mwezi ambao hana mpinzani, na mifuko minne. Julai soko la Kihesa lina madalali wengi tu, lakini kwa mama alikuwa mmoja, kwa sababu mahindi yalishauzwa kabla hayajaota. Ukiritimba wake una ukubwa wa ua wetu na umri wa miezi saba.

Nilijaribu kuupima kisheria, kwa ukaidi wa mwanafunzi. Sheria ya Ushindani ya 2003, ile iliyoleta Tume ya Ushindani, ilipotungwa iliweka mstari wa kuhodhi soko kwenye zaidi ya asilimia 35. Asilimia 35 ya nini? Kwa mahindi ya Tanzania huyu bwana ni sifuri na nukta kadhaa. Kwa mbolea ya mkopo katika kichochoro chetu, Desemba 2021, alikuwa asilimia mia. Hakuna tume itakayokuja kuchora soko la ukubwa wa kichochoro.

Nilitaka kumchukia, lakini alikaa kwenye benchi, akapokea chai ya mama, akasema mwenyewe bila kuulizwa kwamba mifuko ile naye aliikopa kwa tajiri wa Dar es Salaam, na kwamba akifika Manzese wanampokea kwa lumbesa vilevile, na debe la saba linaishia huko. Huenda ni kweli. Huenda ndivyo anavyosema kwenye kila ua.

"Mama, umeniletea mkaguzi," alisema akinitazama nilivyoshika daftari.

"Ni mwanangu, anasoma," mama akajibu. "Usimjali."

Nilimnong'oneza mama kwamba bei imepanda tangu Desemba, kwamba mahali wanaponunua kwa mizani, kama Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, gunia ni kilo na si kofia ya kiroba, na kwamba tungeweza kumlipa huyu fedha taslimu. Mama aliniuliza fedha taslimu ipi. Kisha akasema, kwa upole tu, kwamba Desemba inarudi kila mwaka, na mwaka huu nani angemletea mbolea kama angemuudhi aliyeileta mwaka jana? Pale uani hakuna aliyejua bado kwamba wiki chache baadaye ruzuku ya serikali ingezinduliwa. Hesabu yake, kwa aliyoyajua siku ile, ilikuwa sahihi kuliko ya kwangu.

Nikamgeukia bibi. Nikamuuliza kama angependa Enemsii irudi.

Alifikiri muda mrefu. "Enemsii ilinizuia kumpelekea dada yangu gunia Dodoma," alisema. "Lakini ilikuwa na mzani." Akanyamaza tena. "Na mwenye mzani hakunijua jina."

Hilo la mwisho sikulielewa mara moja. Yule bwana wa lori alikuwa akituita wote kwa majina. Alijua ada ya mdogo wangu inadaiwa lini, na alijua mama hatauza kwa mwingine.

Walipofika gunia la tano bibi aliniambia nihesabu kama zamani. Nikasimama karibu na kijana, nikahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Nilipofika sita alisita, debe mkononi, akamtazama bosi wake. Bosi akacheka kidogo, akatikisa kichwa kuonyesha aendelee. "Saba," nikasema. Tukaendelea hivyo hadi gunia la kumi.

Lori lilipoondoka, bibi alikuwa ameshamaliza hesabu yake bila karatasi.

"Debe kumi za kofia," alisema. "Gunia moja na debe nne. Andika."

Sikuwa na karatasi nyingine karibu. Nikaandika nyuma ya sura ya kwanza.